Doa Ambalo Kila Mtu Aliliona

Nilipokuwa fundi wa karakana katika mashamba ya ngano ya serikali, kule uwanda wa Basotu, nilisema uongo mmoja mdogo wa adabu, na uongo huo ukanipatia darubini. Sidhani kama kuna mtu mwingine Hanang nzima aliyewahi kupewa darubini kwa njia hiyo. Malipo yake yalikuwa misimu mitatu ya kusimama kwenye baridi nikitafuta kitu ambacho nilishasema nimekiona.

Mwenye darubini alikuwa mtaalamu wa mashine za kuvuna ziitwazo kombaini, mzee wa kizungu kutoka nchi ya baridi ambako ngano ndiyo chakula na ndiyo mazungumzo. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini kabla ya kuigusa. Mwezi wa mwisho wa mkataba wake, jioni moja ya Desemba kati ya mvua na mvua, aliniita nyuma ya nyumba yake. Alikuwa ameisimamisha darubini kwenye miguu yake mitatu, bomba jeupe lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, akahangaika nayo karibu saa nzima, akipekua kitabu kwa tochi aliyoifunga kitambaa chekundu. Hatimaye akaniambia nitazame. Alisema mle ndani kuna galaksi ya Pembetatu, yaani nyota zisizohesabika zilizo mbali mno, hata mwanga wao wote ukifika kwetu ni doa tu la ukungu.

Niliweka jicho. Niliona nyota tatu nne, na weusi. Nikabadilisha jicho, nikaona weusi uleule. Nyuma yangu mzee amesimama, mikono kwapani, sweta limetoboka viwikoni, anasubiri. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Tlawi. Kwetu mzee akikuhangaikia saa nzima kwenye baridi, halafu akuulize kama umekiona alichokuandalia, jibu ni moja tu, na hilo jibu hutoka lenyewe kabla hujafikiri.

"Ndiyo, mzee," nilimwambia. "Nimeiona. Ni nzuri sana."

Akaniuliza tena kama kweli nimeiona. Nikasema kabisa. Alinishika bega, na yeye mwenyewe hakuinama tena kutazama. Siku ya kuondoka alikuja karakana na sanduku la darubini na kile kitabu, akaniambia kifaa kama hicho kinamfaa mtu mwenye macho. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto, lakini mikono ilishapokea.

Nilijiambia si neno, nitaitafuta mwenyewe, nikishaiona deni la uongo limekwisha. Kitabu kilikuwa na orodha ya madoa zaidi ya mia, na mengine yalikuwa rahisi kama kuchuma pera. Wingu la Orioni nililiona usiku wa kwanza bila msaada wa mtu. Mwezi wa sita, mavuno yalipoanza, nilikuta upande wa kusini fundo la nyota lililojaa kama sukari iliyomwagika kwenye kaniki, nikakaa nalo mpaka shingo ikakakamaa. Nikavimba kichwa. Nikadhani Pembetatu nayo itakuja kwa zamu yake.

Haikuja. Kwanza inaonekana vizuri kuanzia Oktoba hadi Januari tu, na hiyo ndiyo miezi ambayo mashamba yale yalikuwa yamepania kunikomoa. Oktoba matrekta yanageuza udongo mchana na usiku, vumbi linapanda mpaka mbingu inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mahali palipobaki mabua, mabua yanachomwa. Novemba vumbi likitulia, mawingu yanapiga kambi. Ukipata usiku safi, mwezi umejaa na kila mtu kambini anausifia. Mimi nilikuwa mtu pekee pale niliyeuchukia mwezi, na nilipothubutu kusema hivyo, mke wangu aliniambia nisirudie mbele ya watu.

Halafu alikuwepo mlinzi.

Macho yanahitaji karibu nusu saa gizani ndipo yaanze kuona vitu hafifu. Hilo liliandikwa kwenye kitabu kwa herufi nene. Mlinzi wa kambi yetu alikuwa mtu wa heshima zake, na kwa mtu wa heshima haiwezekani kumpita binadamu mwenzako gizani bila kumsalimu. Lakini utamsalimuje kabla hujajua ni nani? Mkubwa anasubiri shikamoo, mdogo anatakiwa kuitoa, na kosa hapo ni aibu ya wiki nzima. Kwa hiyo alifanya jambo la adabu, alinimulika tochi usoni, betri tatu mpya, akahakikisha ni mimi, mdogo wake kwa miaka mingi, akasubiri. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, habari za nyumbani, habari za kazi, habari za wazazi Tlawi. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwenye utu, akajimulika na yeye usoni ili nami nione nimemsalimu nani. Akaondoka. Nikabaki na duara la zambarau likiogelea kwenye jicho. Nusu saa baadaye, macho yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka, alikuwa amemaliza mzunguko wake na amerudi.

Nilimwomba asimulike. Alinisikiliza vizuri, akakubali, na usiku uliofuata akanimulika kuangalia kama ni mimi yule niliyeomba nisimulikwe. Nilijaribu kusalimu mapema, nikisikia viatu vyake tu napaza shikamoo gizani. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu aliingiwa na wasiwasi ni nani huyo anayesalimu kabla hajaonekana, akaja mbio na tochi. Huwezi kumkasirikia mtu kama huyo. Nilimkasirikia hata hivyo.

Mwisho wa mwaka wa kwanza barua ya mzee ilifika kwa njia ya posta ya Katesh. Aliandika habari za theluji na za goti lake, kisha akaandika kwamba yeye hatazami tena anga, macho yake hayafai, na furaha aliyobaki nayo ni kujua kwamba mimi natazama. Akaomba kitu kimoja. Nimwandikie galaksi ya Pembetatu inaonekanaje, kwa maneno yangu mwenyewe, ili aione kupitia kwangu.

Nilikaa na barua hiyo kama mtu aliyemeza mfupa. Kitabu kilikuwa na maelezo, ningeweza kuyanakili. Nilianza kunakili, nikafika mstari wa pili, nikachana karatasi. Uongo wa mdomo unatoka na kupotea hewani, lakini huu nilikuwa nauandika kwa wino na kuubandika stempu, uende kwa mtu aliyenipa chombo chake. Nikamwandikia habari za mavuno na za kombaini iliyovunjika ekseli. Swali lake nikaliruka. Akajibu, akauliza tena, kwa upole uleule. Upole ule ulinichosha kuliko matusi.

Mwaka wa pili nilianza kushuku kwamba ubovu uko kwenye darubini, au kwenye jicho langu. Njia ya fundi ni kupima kwa mtu mwingine. Nikawaita madereva wa kombaini, watu wa macho makali wanaoona sungura kwenye ngano wakiwa mbali. Niliielekeza darubini pale kitabu kiliposema, nikawaambia watazame mmoja mmoja. Wa kwanza akasema ameona, fundi, inapendeza. Wa pili akasema inameremeta. Wa tatu alikaa muda mrefu, akanyanyuka akitikisa kichwa, akasema Mungu ni mkubwa. Kumbe ni mimi tu! Nikainama kutazama, nikakuta weusi wangu uleule.

Usiku uliofuata niliwaita tena, nikaacha kifuniko mdomoni mwa darubini. Kifuniko cha bati, kimefunika kabisa, hata jua lisingepita. Wakatazama kwa zamu. Wote waliona. Yule wa tatu alisema leo imekuwa kubwa kidogo kuliko jana.

Nilicheka kwa hasira, kisha nikabaki na hasira peke yake. Nilikumbuka kwamba hao ndio watu walewale ambao kila asubuhi nawauliza mashine ikoje, wananijibu nzima, fundi, haina tatizo, na saa tano inazimika katikati ya shamba kwa kelele iliyoanza tangu juzi. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Kumwambia fundi kwamba mashine aliyoitengeneza inalia ni kama kumwambia mwenyeji chakula chake kimeungua. Msimu mzima wa ngano ulikuwa unapita kwenye tundu la heshima hiyo, na sisi tunaulizana kwa nini mashine hazidumu.

Nikamwendea mke wangu, nikamwuliza, kwa jina la ndoa yetu iliyofungwa kanisani Endagikot mbele ya watu, aniambie ukweli kama aliwahi kuona chochote kwenye ile darubini. Aliwahi kutazama mara nyingi na kila mara alisema imependeza. Alikuwa anachambua maharage. Akaniambia bila kuinua uso kwamba hajawahi kuona kitu hata siku moja, kope zake zinagusa kioo na machozi yanatoka, lakini aliona nimejitesa sana, angewezaje kunivunja moyo. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido ya kota. Nilitaka kumfokea, lakini ningemfokea kwa lipi? Mimi ndiye niliyewatangulia wote, na uongo wangu ulifika mpaka nchi za watu.

Januari ya mwaka wa tatu jenereta la kambi liliungua. Kifaa kilichotakiwa kilikuwa kinasubiriwa kutoka Arusha, na wakati kinasubiriwa kambi nzima ilikuwa gizani na kila mtu ananitazama mimi kwa lawama. Wengine walisema nachelewesha makusudi ili nipate giza langu. Sikuchelewesha, ila nakiri sikufanya haraka kwenda kuulizia kifaa kile. Mvua ilikuwa imesafisha vumbi, matrekta yalikuwa yamesimama yakisubiri upanzi, na mlinzi alikuwa ameishiwa betri.

Usiku mmoja, saa mbili na nusu hivi, mama aliyekuwa akituletea maziwa alikuwa anasubiri kibuyu chake kioshwe. Alikuwa mama mtu mzima wa jamii ya wafugaji, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, na boma lake lilikuwa nyuma tu ya shamba la tano. Zamani lilikuwa ndani ya shamba la tano, kabla halijaitwa shamba la tano. Alituuzia maziwa kwa kuwa tulinunua, na hakuna siku aliyotuchekea zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshamwamkia. Alisimama akinitazama ninavyojikunja kwenye lile bomba, akauliza ninatafuta nini kule. Nikamwambia. Nikamwuliza kama anataka kutazama, kwa mazoea tu, huku nikijua atakachosema.

Aliinama, akatazama kidogo, akanyanyuka.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Ni giza tu. Wewe kila siku unaangalia giza?"

Nusura nimkumbatie. Miaka miwili na zaidi nilikuwa nimewauliza watu, na huyu ndiye wa kwanza kunijibu. Hakuwa na sababu ya kunibembeleza. Mimi nilikuwa mtu wa ngano, na ngano ilikuwa imekaa juu ya malisho ya mumewe.

Nikamwomba asubiri. Sasa nilikuwa na kitu ambacho fundi anakihitaji kuliko spana, nacho ni mtu anayesema mashine bado haijapona. Nilikuwa nimetumia lenzi ya jichoni yenye nguvu kuliko zote siku zote, kwa sababu kitu cha mbali si ndicho kinachotaka nguvu? Kitabu kilisema tofauti, kilisema doa kubwa hafifu linataka lenzi dhaifu, na mimi nilikuwa nimeusoma ule mstari mara kumi nikaupuuza, nikidhani ni ushauri wa wanaoanza. Nikatoa yenye nguvu, nikaweka dhaifu. Nikatafuta upya nyota ya ncha ya kundi la Pembetatu, ambayo kitabu kilisema nianzie hapo, nikasogeza kidogo. Akatazama. Bado, akasema. Nikasogeza. Bado. Nikageuza kirungu cha kurekebisha taswira mpaka nyota zikawa nukta. Akatazama, na safari hii akaendelea kuinama. Mke wangu alitoka na kibuyu, nikamwonyesha kwa mkono asiongee.

"Kipo," mama akasema taratibu. "Lakini kinaogopa. Nikikiangalia kinakimbia. Nikiangalia hiyo nyota ya pembeni, kinarudi. Kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi."

Hakuna mtu anayeweza kutunga kitu kama hicho kwa adabu. Nilimnyang'anya nafasi yake bila hata kuomba radhi. Nilitazama pale pale, nikaona weusi wangu wa miaka yote. Kisha nikafanya alivyosema, nikaikazia macho nyota ya pembeni kama mtu anayejifanya hasikilizi maneno ya jirani, na likaja. Doa pana, la kijivu, halina mwanzo wala mwisho. Nikaligeukia likatoweka. Nikaiacha nyota, nikairudia, likaja tena. Nililia, nasema bila aibu, na machozi yakaharibu kila kitu ikabidi nianze upya.

Mama alichukua kibuyu chake, akaniuliza hicho kitu kina faida gani. Nikamwambia hakina. Akaitikia, akaenda zake.

Usiku huohuo, kwa taa ya chemli, nilimwandikia mzee. Nilimweleza doa kama nilivyoliona, linavyokimbia na linavyorudi, na pumzi ya ng'ombe nikaiweka, nikimtaja mwenyewe aliyeisema. Ningeweza kuishia hapo. Deni lilikuwa limelipwa, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimewalaani madereva wangu mwaka mzima kwa lile kosa, na kalamu ilikuwa bado mkononi. Nikaandika kwamba usiku ule nyuma ya nyumba yake sikuona kitu. Nilisema ndiyo kwa sababu yeye ni mzee na kulikuwa na baridi, na nilipokea darubini yake kwa uongo.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Lilifika wakati ngano imeshika goti, nikalisomea karakana nikiwa na mikono ya grisi, na alama za vidole vyangu bado ziko kwenye karatasi ile. Nalitafsiri kama lilivyo.

"Usiku ule mimi pia sikuona kitu. Nilifuata kitabu, nikakuita ukiwa na macho ya ujana, nikifikiri kama nawe huoni basi ni ukungu, tutajaribu kesho. Ulipothibitisha kwamba unaiona, nilijua macho yangu yamekwisha. Nilikuachia darubini kwa sababu hiyo. Tangu siku hiyo sijatazama juu. Kama si mzigo kwako, naomba unirudishie, nijaribu tena."

Nilikaa juu ya tairi la trekta. Watu wazima wawili, mafundi, watu ambao kazi yao ni kutafuta ubovu ulipo, tulisimama nyuma ya nyumba tukitazama ukungu, na neno langu moja la heshima likamzimia mzee anga yake kwa zaidi ya miaka miwili. Nilikuwa nimeona haya kwa kumdanganya. Haikuwahi kunijia kwamba aliniamini kiasi hicho. Na hapo hapo, nisijifanye malaika, nilichukia kuiachia darubini. Nilikuwa nimeipata Pembetatu usiku kumi na moja tu.

Niliifunga kwa magunia ya ngano, nikatengeneza kasha la mbao, nikaipeleka posta Katesh kwa gari la mafuta. Karani akauliza kuna nini ndani, nikamwambia ni bomba. Mama wa maziwa aliponiuliza lile dude liko wapi, nilimwambia limerudi kwa mwenyewe, na akasema vizuri, kitu cha mtu kinarudi. Alikuwa anatazama upande wa shamba la tano.

Barua ya mwisho ninayotaka kuitaja ilikuja mwisho wa mwaka ule, ni karatasi moja, mwandiko mkubwa unaopanda na kushuka. Darubini ilifika salama. Amesimama nje usiku nne, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, jirani yake anakuja kila mara na tochi kuuliza kama yuko salama. Amejaribu nyota ya pembeni. Hajui kama ni mawingu au ni macho. Bado hajaiona.

Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali alipojaribu kunifurahisha, sikupaona. Nikanawa mikono, nikachukua karatasi, nikaanza kumwandikia abadilishe lenzi.